Ghorofa Iliyopotea Kivuli House

Mimi niliendesha Kivuli House miaka mingi na sikuwahi kugonga mtu. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini mwendesha lifti ni dereva kama dereva mwingine, ila barabara yake imesimama wima na hakuna polisi wa kumwekea kizuizi. Nilikuwa na kigoda changu, kofia yenye ukanda mwekundu, na mkono wa shaba: nikiuvuta kulia tunapanda, nikiuvuta kushoto tunashuka. Nilibeba mawakili, madaktari wa meno, maharusi waliokuwa wakienda kupigwa picha. Nilibeba ng'ombe mzima, tena ng'ombe wa ushahidi, akienda kwa wakili wa ghorofa ya juu. Na nikwambie, kati ya abiria wangu wote, yeye peke yake ndiye aliyeshuka bila kuniuliza, "Ni hapa?" Siku moja lifti ilipitiliza ikatokea juu ya paa, nikamkuta korongo ametulia, tukasalimiana, nikarudi chini. Namalwa, mke wangu, anasema mara ya kwanza nilipomsimulia kisa hicho korongo alikuwa kuku. Sawa. Kuku naye hukua.

Walipoleta lifti ya kila mtu kujibonyezea, nikastaafu. Nikabaki nyumbani Mountain View, nikimsumbua Namalwa mpaka akaniambia, "Baba Clifford, tafuta mahali pa kupeleka huo mdomo." Nikaupeleka Ngara, kwa Athman.

Athman ni sonara, mtu wa Lamu, ana duka dogo ghorofa ya kwanza juu ya wauza mitumba. Yeye hufua, mimi huzungumza. Ananiambia nyundo yake inakwenda vizuri zaidi ikiwa kuna kelele nyingine ya kushindana nayo. Ndipo nilipokuwa nimekaa, kwenye benchi karibu na dirisha, alipoingia mama mmoja mrefu, mvi zimekatwa fupi, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtoto anayelala.

"Hodi hapa."

"Karibu mama, karibu," Athman akasema. "Shem, mpishe mama akae."

Alikaa, akatoa picha ya zamani isiyo na rangi. Akaiweka juu ya meza ya kazi, katikati ya koleo na tupa.

"Nataka pambo la katikati ya meza ya chakula," alisema. "La madini ya fedha. Lifanane na hili jengo."

Athman aliitazama picha, akamtazama yeye. "Mama, usinikasirikie. Watu huagiza pete hapa, bangili, chetezo cha udi. Katikati ya meza huweka maua, au bakuli la matunda. Jengo?"

"Maua anayaona dirishani. Hajawahi kutoka chumbani kwa sababu ya maua."

"Nani huyo?"

Basi akatueleza. Jina lake Rachael, anakaa Spring Valley. Mumewe, Gerishon Mbithi, ni msanifu majengo, na jengo lile la kwenye picha ndilo alilolichora akiwa kijana, la kwanza na alilolipenda kuliko yote. Kila Jumamosi alikuwa akishuka mjini kulitazama tu, kama mtu anayekwenda kumjulia hali shangazi. Kisha wenye jengo wakalifunika lote kwa vioo vya buluu. Mzee hakupita tena mtaa huo. Halafu kikaja kiharusi. Mguu ulirudi kidogo, lakini mkono wa kulia ulimgeuka: kijiko kinaondoka kwenye sahani kimejaa, kinafika mdomoni kitupu. Akaona haya. Tangu hapo anakula chumbani, mlango umerudishwa, hataki mtu amwone, hata mke wake.

"Tuna meza ya watu wanane," Mama Rachael alisema. "Nakula peke yangu kama askari wa zamu. Mwezi ujao tunatimiza miaka hamsini ya ndoa. Watoto wanauliza keki ya namna gani. Mimi sitaki keki. Nataka atoke mle chumbani aje akae na mimi. Ni hilo tu."

Athman aliacha nyundo. Mimi nikainama nikaitazama picha, na moyo ukaruka.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyekuwa dereva wa hilo jengo."

"Dereva?"

"Usimsikilize sana," Athman akasema. "Alikuwa wa lifti."

Mama Rachael alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Picha, alisema, inaonyesha uso tu, na yeye alitaka upande wa nyuma uwe wazi, ndani paonekane, ghorofa moja moja, na ngazi yake ya mzunguko. Mumewe alipenda ndani kuliko nje. Yeye mwenyewe alifanya kazi mle miaka michache tu akiwa msichana, na hakuwahi kupita ghorofa aliyofanyia kazi. "Wewe basi utamwongoza fundi?"

"Mama, jengo hilo nalijua kama kiganja cha mkono wangu."

Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kivuli House iliitwa hivyo kwa sababu ya mbavu zake. Mbele yote ilikuwa mbavu nyembamba za saruji, zimeshuka kutoka juu mpaka chini bila kukatika, ili jua la mchana lisiingie ofisini. Ukisimama nje huwezi kuhesabu ghorofa. Unaona kivuli na mwanga tu, kama kitana kilichosimamishwa. Kwa hiyo Athman aliponiuliza, "Ghorofa ngapi juu ya ile ya chini?" alikuwa hana mwingine wa kumuuliza.

"Sita," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Athman, mkeo Mabruka ana macho mangapi?"

"Mawili."

"Umewahi kuyahesabu?"

Akaandika sita.

Na mimi sikuwa nadanganya! Namba juu ya mlango wa lifti yangu zilikwenda mpaka sita. Ngazi sikuwahi kupanda hata mara moja. Usishangae. Mwendesha lifti akionekana kwenye ngazi ni kama mpishi wa hoteli akutwe kibandani ananunua chipsi. Watu wataanza kujiuliza. Siku lifti ilipoharibika nilikaa ndani yake pale chini, mlango wazi, kofia kichwani, nikingoja fundi. Kulikuwa na watu wengine mle jengoni ambao hawakupanda lifti yangu kabisa. Niliwaita watu wa ngazi, nikawadharau, na sikuwahi kujiuliza wanakwenda wapi.

Jambo moja tu nilikuwa nimeliona. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, ukuta ulipita mbele ya macho muda mrefu kuliko kwingine. Abiria wakiuliza, niliwaambia hapo tunapanda mlima. Kwa hiyo nikamwambia Athman ghorofa ya pili aipe dari ndefu.

Athman alipima kwa shibiri yake, akakuna ndevu. "Ndefu hivi? Walikaa twiga?"

"Alikaa daktari wa meno. Wagonjwa walikuwa wakiruka."

Basi akaifua. Sijui kama nimewahi kuona mtu akifanya kazi kwa upole namna ile. Bati la fedha alilikata kwa mkasi mdogo, mbavu akazipiga moja moja, akazichomelea akiwa ameshikilia pumzi. Ngazi ya mzunguko aliikunja kwa kidole gumba, kama mama anayesokota nywele za mtoto. Mabruka, mkewe, alikuwa akituletea kahawa, anasimama mlangoni, anasema, "Mashallah, hata mimi ningetoka chumbani." Mwisho Athman aliisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikamulika ukuta.

Tuliipeleka Jumapili mchana. Athman aliipakata ndani ya teksi, imefungwa kwa kanga ya Mabruka, na kila tulipokanyaga tuta alisema "Ya Latifu," na dereva akazidi kuogopa matuta.

Nyumba ya Spring Valley ilikuwa ya ghorofa moja, miti mingi, mlango mpana. Mama Rachael alikuwa amevaa gauni la maua, midomo imepakwa rangi kidogo. Meza ilikuwa imeandaliwa watu wanne.

"Fundi, kuku nimenunua kwa mchinjaji wa Kiislamu," alimwambia Athman kabla hata hajakaa. "Kula bila wasiwasi."

Tukaifungua, tukaiweka katikati ya meza, upande wa wazi ukielekea korido ya chumbani. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa, umeachwa upenyo wa mkono. Mama Rachael alikwenda pale akasimama.

"Gerishon. Wageni wamefika. Njoo uone walichokuletea."

"Nimekiona wakikifungua," sauti ikajibu kutoka ndani. Haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa ya mwalimu anayesahihisha. "Kizuri. Waambie asante."

"Huwezi kuja ukasema mwenyewe?"

"Niletee sahani yangu huku, Rachael."

Akarudi mezani. Alichukua sahani ya nne, akaanza kuipakulia kwa ajili ya trei: kuku, muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chapati iliyokatwa vipande vidogo kama ya mtoto. Athman alitazama chini. Mimi nilitazama lile jengo la fedha, zuri kama nini, na nikaona limeshindwa kazi.

Nikiona huzuni mimi huwa sina dawa nyingine ila kusema. Nikapaza sauti kidogo, kuelekea ule upenyo.

"Mzee Mbithi, hujambo! Mimi ni Shem Sifuna, dereva wako. Kivuli House yako niliiendesha mpaka ikazeeka mikononi mwangu. Nilibeba ng'ombe mle!"

"Ng'ombe wa nini?" sauti ikauliza.

"Wa ushahidi, mzee. Ghorofa ya sita, juu kabisa."

"Juu kabisa ni ya saba."

"Sita, mzee."

"Saba."

"Mzee, heshima yako, lakini mimi nilikwenda huko kila siku ya Mungu. Ni sita. Hata fundi ameziweka sita, ziko hapa mezani zinang'aa."

Mama Rachael alikuwa amesimama na trei mkononi, hatembei. Kisha tukasikia kitanda kikilia. Kisha fimbo, ko, ko, sakafuni. Mlango ukafunguka akatoka mzee mwembamba mwenye sweta ya kijivu na nyusi kama paa la nyumba. Hakututazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka mezani, akavuta kiti, akaketi, akaliinamia lile jengo, kidole cha mkono wa kushoto kimenyooshwa, akihesabu kwa midomo.

"Ni nani," akasema polepole, "ameiba ghorofa yangu?"

Athman alinigeukia. Uso wake sitausahau. Mtu wa Lamu anaweza kukusamehe ukimkanyaga, ukimkopa, hata ukimtukania timu yake ya mpira. Lakini umfanye apeleke kazi yenye kasoro kwa mwenyewe, mezani, mbele ya watu!

"Shem," akasema. "Wagonjwa walikuwa wakiruka?"

"Hapa," mzee akasema, akigonga ile dari ndefu. "Hapa ndipo palikuwa na ya tatu. Wewe dereva, uliipita kila siku ya Mungu. Ulikuwa umefumba macho?"

"Mzee, hapo palikuwa ukuta mtupu. Tangu nilipoajiriwa lifti haikuwa na mlango hapo. Nadhani ghorofa hiyo ilikuwa likizo."

Mama Rachael alikuwa ameitua trei mezani. Bila kufikiri mzee alichukua kijiko, kwa ule mkono wa kulia, akachota muthokoi kwenye sahani yake. Kijiko kilitapatapa, nusu ikamwagika kwenye kitambaa cha meza, nusu ikafika. Hakuna aliyetazama kitambaa. Mama Rachael aliketi taratibu sana kwenye kiti cha pembeni yake, kama mtu anayeogopa kumtimua ndege.

"Ni kweli, Gerishon," akasema. "Mlango wa lifti wa ghorofa yetu ulikuwa mbovu. Umesahau? Siku ya kwanza niliyoanza kazi kwa wale watu wa bima nilipanda lifti vizuri. Siku iliyofuata tukaambiwa mlango umeharibika, wakaujengea ukuta. Nilipanda ngazi zile na viatu vya kisigino mpaka nikalia."

Mzee alitafuna. Alitafuna muda mrefu kuliko muthokoi inavyohitaji.

"Haukuwa mbovu," akasema.

"Nini?"

"Ule mlango. Ulikuwa mzima."

Mama Rachael akaweka uma chini.

"Ofisi yangu ilikuwa pale ngazi inapofika ghorofa ya tatu," mzee aliendelea, akiliambia lile jengo la fedha, si mkewe. "Ya bima ilikuwa mwisho wa korido, mkabala na lifti. Siku ile ya kwanza ulitoka kwenye lifti ukaingia ofisini kwenu moja kwa moja. Niliona kisogo chako tu. Nikafikiri, huyu atafanya kazi hapa miaka kumi na mimi nitakuwa nikiona kisogo. Nikamwita fundi wa lifti."

"Gerishon Mbithi!"

"Nikamwambia aujengee ukuta, na namba za juu ya mlango azipake upya, ya nne iwe ya tatu, hivyo hivyo mpaka juu, ili watu wasiulize. Mwenye jengo nilimwambia ni mambo ya usalama. Msanifu akisema usalama, hakuna anayebisha."

Mimi nimedanganya watu wengi, na wengine ni wakubwa. Lakini sijawahi kudanganya kwa saruji. Niliinuka nikampa mkono yule mzee, wa kushoto, nikarudi kukaa.

Mama Rachael alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. "Miaka hamsini naamini ni lifti mbovu," alisema. "Na visigino vile!"

"Vilikuwa vyekundu," mzee akasema. "Nilivisikia kuanzia chini. Nilikuwa naacha penseli."

Alimega kipande cha chapati kwenye sahani ya mkewe, si yake, akala. Mama Rachael alimsogezea sahani yote.

Athman alikuwa hajagusa chakula. "Mzee wangu," akasema, "nisamehe. Nitaichukua leo hii, niifungue, niingize ghorofa yako. Sijawahi kuacha kazi ya namna hii kwa mtu."

"Utamaliza lini?" mzee akauliza.

Mama Rachael alikuwa akimpakulia Athman mchuzi. Upawa ukasimama hewani. Athman aliutazama ule upawa, akamtazama mzee aliyeketi kwenye kiti chake kwenye meza yake, mchuzi kwenye sweta, nyusi zimewaka. Fundi mzuri anajua wakati wa kupiga na wakati wa kungoja.

"Mzee, fedha haitaki haraka," akasema. "Na mdomo wa huyu bwana siuamini tena. Itabidi niwe nakuja hapa Jumapili, kipande kwa kipande, wewe mwenyewe ukiwa umekaa hapo unaniongoza. Chumbani siwezi kufanya kazi. Hakuna mwanga."

"Chumbani hapana," mzee akakubali. "Lete na koleo ndogo. Na hiyo ngazi yako ina mzunguko wa kushoto. Yangu ilizunguka kulia."

"Nani alikwambia kushoto?" Athman akanigeukia.

Nikaomba chumvi.

Tangu siku hiyo tumekula Spring Valley Jumapili nyingi. Jumapili moja ililetwa sakafu. Nyingine ukuta wa korido. Nyingine Athman alileta meza ya kuchorea, na mzee akairudisha kwa sababu miguu ilikuwa minene. Ikaja mashine ya kupiga taipu ya ofisi ya bima, ndogo kama kunguni, na Mama Rachael akaomba aiweke mwenyewe kwa kibanio, mzee akisema, "Kushoto kidogo. Hapana, kushoto kwako." Namalwa naye alianza kuja, akabeba mboga za kienyeji, akakaa na Mama Rachael wakatusema. Kitambaa cha meza kina madoa sasa ambayo hayatatoka, na Mama Rachael hakibadilishi.

Juzi nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilikwenda Kivuli House, nikaacha lifti nyuma yangu, nikapanda ngazi. Nilitazama kwanza huku na huku, nisije nikaonwa na mtu anayenijua. Inazunguka kulia, ni kweli. Ghorofa ya tatu imegawanywa vibanda vibanda: vifuniko vya simu, nywele za bandia, kinyozi. Nikatembea mpaka mwisho wa korido, pale palipokuwa na mlango wa lifti. Na pale, kwenye ule ukuta wa uongo wa mzee, kuna fundi cherehani amepigilia misumari, na kwenye kila msumari ametundika gauni la harusi la kukodisha. Ukuta mzima, mweupe, kuanzia juu mpaka chini.

Jumapili nikawasimulia mezani.

"Sifuna," Mama Rachael akasema akicheka, "hiyo umetunga."

"Magauni ya harusi?" Athman akasema. "Kwenye ukuta huo huo? Yakhe, ng'ombe alikuwa bora."

Nikaapa. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Namalwa akatikisa kichwa akaniongezea mboga. Hiyo ndiyo shida ya ukweli; haujazoea mdomo wangu.

Mzee Mbithi peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka kijiko chini, anatazama ghorofa yake ya fedha, ya tatu, na kile kimashine cha taipu.

"Yako mangapi?" akauliza.

"Sikuhesabu, mzee. Tunajua kuhesabu kwangu."

"Basi nitakwenda mwenyewe kuyahesabu," akasema. "Rachael, ngazi tutapanda polepole. Wewe uvae viatu vya chini." Kisha akasukuma sahani yake mbele kwa ule mkono wa kulia. "Na niongezee kuku."

Mama Rachael akaichukua sahani, akaipakulia pale pale mezani.